Mume Aliyefufuka Katikati ya Kitabu

Mwenyekiti wa jopo la majaji wa tuzo ya vitabu alikuwa na jina alilopewa na wazazi wake kama watu wengine, lakini mwenyewe alijiita Umeme, na watu wakalishika hilo, wengine kwa kumheshimu, wengine kwa kumcheka chinichini. Kazi yake ilikuwa kufundisha watu kusoma haraka. Bango lake lilitundikwa kwenye ukuta wa jengo la posta: yeye mwenyewe amekunja mikono kifuani, meno yote nje, na chini yake maandishi mekundu, KITABU KIZIMA KABLA CHAI HAIJAPOA. Na watu walilipa! Walijipanga kwenye viti vya plastiki wakafundishwa kushusha kidole katikati ya ukurasa kama mtu anayekagua vumbi juu ya kabati, wakafundishwa kuonja aya ya kwanza na aya ya mwisho na kuziruka zilizo katikati, kisha kufunga kitabu kwa kishindo na kusema, "Nimemaliza." Ukiwauliza kilikuwa kinasema nini, walikujibu kwamba kilikuwa kizuri sana.

Bi Kobe alimdharau tangu walipopeana mikono mara ya kwanza, na hakuwa mtu wa kuficha dharau.

Yeye alikuwa mkalimani wa mahakama, sasa amestaafu. Maisha yake yote ya kazi alisimama kati ya hakimu na mshtakiwa akihamisha maneno kutoka lugha hii kwenda ile, mahali ambapo neno moja likidondoka njiani mtu analala ndani miaka. Kazi hiyo ilimwachia ugonjwa, kama alivyouita mwenyewe: hakuweza kupita neno bila kulishika. Alisoma na rula ya mbao chini ya mstari, midomo ikicheza, na akikuta sentensi iliyomkaa vizuri alirudi nyuma akaisoma kwa sauti ili mdogo wake naye aisikie. Mdogo wake alikuwa mshonaji. Waliishi wawili, mmoja na cherehani yake dirishani, mwingine na kitabu chake mezani. Makarani wa mahakama ndio waliompachika jina la Kobe, wakidhani wanamtukana. Yeye akalichukua akalivaa.

"Dada," mdogo wake alikuwa akisema bila kuinua uso kwenye kitambaa, "mwezi uliopita ulikuwa kwenye harusi hiyohiyo. Bado hawajaoana tu?"

"Bi harusi anavaa."

"Mwaka huu watafika?"

"Wewe shona."

Kwenye jopo la majaji aliingizwa kwa ajili ya picha. Shirika lililokuwa likitoa ile tuzo lilichapisha kila mwaka kitabu kimoja cha mwandishi asiyejulikana, na mwaka ule mkuu wa shirika alitaka pawe na mwanamke, tena mwenye mvi. Wa tatu alikuwa Mtangazaji wa redio, bwana mmoja mwenye sauti ya kulaza watoto, ambaye hakuwa na maoni yoyote duniani isipokuwa ya yule aliyezungumza mwisho. Ukimwambia jua linawaka, anakubali. Mwingine akisema mvua inanyesha, anatafuta mwavuli.

Miswada ililetwa bila majina. Kila mmoja ulikuwa na namba juu ya jalada, na jina la mwandishi lilikaa kwenye bahasha iliyofungwa gundi, ndani ya kabati la katibu wa shirika. Waandishi walileta karatasi huru, zikapelekwa duka la fotokopi la ghorofa ya chini zikatobolewe na kufungwa, na kwa kuwa shirika lilikuwa bahili, kila muswada ulikuwa nakala moja tu. Ulianzia kwa Umeme, ukaenda kwa Mtangazaji, ukaishia kwa Bi Kobe. Ndivyo walivyopanga wao, kwamba wa polepole awe mkiani.

Umeme aliichambua ile miswada yote wikiendi moja. Alijisifu mwenyewe. Mingi aliitupa nje palepale, akiandika neno moja kwenye jalada: "Mzito." "Mrefu." "Hauna mwelekeo." Iliyobaki aliigawa, na kabla Bi Kobe hajafika nusu ya fungu lake, akaitisha kikao.

"Mshindi tunaye," alisema akisugua viganja. Aliuweka mezani muswada mmoja mnene. "Huu. Mwanzo mume anazikwa. Mwisho mume anakunywa supu. Mnataka nini tena?"

"Amefikaje hapo?" Bi Kobe akauliza.

"Nani?"

"Marehemu. Kutoka kaburini mpaka kwenye supu."

"Ah, hayo msomaji anajijazia mwenyewe. Hii ni sanaa ya kisasa, bi mkubwa. Mwandishi hatafuni chakula akakulisha."

"Sijakutana nao bado huo. Nipe wiki moja."

"Wewe ukipewa wiki utasoma jalada."

Walicheka, hata katibu aliyekuwa akiandika. Bi Kobe hakucheka wala hakununa. Alimtazama Umeme kama anavyomtazama mtu aliyekuja kumuuzia saa ya bandia.

"Mheshimiwa," Umeme alimgeukia Mtangazaji, "unaonaje?"

"Naunga mkono," alisema Mtangazaji kwa ile sauti yake ya asali.

"Ulifika ukurasa gani?" Bi Kobe akamuuliza.

"Mimi ninaunga mkono kwa jumla," alisema Mtangazaji.

Kura mbili kwa moja. Kikao kikafungwa kabla hata vikombe havijakusanywa. Umeme aliandika sifa za mshindi pale pale, zikatoka gazetini: ujasiri usio na kifani, mume anayerudi kutoka wafu, mwandishi anayedharau ukuta kati ya uhai na mauti. Bi Kobe aliomba aubebe ule muswada nyumbani.

"Wa nini tena?" katibu akashangaa. "Umekwisha kushinda."

"Nataka kuusoma."

Katibu alimtazama kama mtu aliyeomba kuhudhuria harusi wageni wakiwa wameshaondoka. Akampa.

Sasa, kile kitabu kilikuwa kitabu. Bi Kobe alijua kwenye ukurasa wa kwanza, na mdogo wake alijua kwenye wa pili, maana mguu wake ulianza kuchelewa kwenye pedali ya cherehani. Kilihusu mwanamke aliyeolewa na fundi viatu. Mume anakufa ghafla, nyumba inajaa watu, kila mtu anapiga kelele, na katika vurugu ile mjane anamvika marehemu viatu vizuri vyeusi alivyovikuta juu ya meza ya kazi. Maiti inazikwa navyo. Kesho yake mteja anakuja. Anataka viatu vyake vyeusi, amelipa tangu zamani, ana safari. Mjane anamwambia rudi kesho, gundi haijakauka. Kesho anamwambia soli imekosekana. Mteja anarudi tena na tena, mpole, kofia mkononi, na mjane anatunga uongo mpya kila mara, huku akijua viatu viko wapi na viko miguuni mwa nani.

"Masikini," alisema mdogo wake. "Atamwambia lini?"

"Tulia."

"Mimi ningehama mji."

Walisoma hivyo siku nne, mchana, mmoja akisoma na mwingine akipinda pindo. Wakafika ukurasa wa mia. Hodi ikapigwa. Mjane akajua ni nani. Safari hii hakuwa na uongo uliobaki. Akafumba macho, akashika komeo, akafungua mlango, na

Bi Kobe akafunua ukurasa.

"Na mume akaingia," alisoma, "akatupa funguo za lori mezani, akauliza kwa nini supu ya jana imechacha."

Cherehani ikanyamaza.

"Mume gani?" mdogo wake akauliza.

Bi Kobe alirudisha rula juu, akausoma ule mstari upya, akarudi ukurasa wa nyuma, akarudi mbele. Kutoka pale palikuwa na lori, na barabara, na matairi, na dereva mlalamishi ambaye mkewe hana hata jina la utani, na supu kila baada ya ukurasa mmoja. Hakukuwa na kiatu. Hata mwandishi hakuwa yuleyule. Huyu wa lori aliandika sentensi zilizokwenda kwa mrukoruko kama gari lenye klachi mbovu.

"Ndiye huyo aliyefufuliwa na Umeme wenu?" mdogo wake akauliza.

"Ndiye huyo."

"Na hajashangaa?"

"Kashangaa. Kampa tuzo."

Asubuhi Bi Kobe alikwenda duka la fotokopi. Mwenye duka, mtu mzima mwenye kipara, alikuwa akiipiga kofi mashine ili itoe karatasi iliyokwama. Alisikiliza, akakuna kipara.

"Mama, hii ya kutoboa matundu haimezi zaidi ya kurasa mia. Ile minene nilikuwa naikata kwenye mia, natoboa nusu hii, natoboa nusu ile, halafu naunganisha."

"Unajuaje nusu hii ni ya ile?"

"Naangalia namba. Huku imeishia mia, huku inaanza mia na moja, nafunga." Kisha akaona uso wake, akajitetea. "Mimi sikuajiriwa kusoma, mama."

"Ni kweli, mwanangu. Huna kosa. Walioajiriwa kusoma ndio hawakusoma."

Kama nusu ya dereva ilikuwa mgongoni mwa mjane, basi mahali fulani mjane wa viatu alikuwa mgongoni mwa dereva. Bi Kobe alipanda ngazi mpaka ofisini. Miswada iliyotupwa ilikuwa kwenye maboksi chini ya ngazi za kupandia juu ya paa, na juu ya boksi moja palikuwa na sufuria ya kukingia maji ya bati linalovuja.

"Chukua yote ukitaka," katibu alisema. "Yananijazia panya."

Aliupata kwenye boksi la tatu. Juu ya jalada, kwa mwandiko wa mbio wa Umeme: "Hauna mwelekeo." Mwanzoni lori, lori, supu, supu, mpaka ukurasa wa mia. Na kwenye ukurasa wa mia na moja, mteja amesimama mlangoni, kofia mkononi.

Bi Kobe alikaa juu ya boksi palepale, akachomoa rula kwenye mkoba, akaanza kusoma. Katibu alipita na chai, akapita tena na kikombe kitupu. Bi Kobe hakuinua macho. Alipomaliza alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kanga yake kwa muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.

Kwa hiyo kurasa zilezile alizozitupa mwenyekiti kwenye boksi la panya ndizo zilizokuwa mwisho wa kitabu alichokipa tuzo. Mtu huyohuyo, wikiendi hiyohiyo, kidole hichohicho. Alikuwa amemkata mtu kiuno, akavisha taji kichwa, akatupa miguu jalalani, halafu akaandika gazetini kuhusu mwendo wake mzuri.

Alimkuta Umeme darasani. Wanafunzi wake walikuwa wameinama juu ya vitabu, vidole vikishuka, na yeye amesimama mbele na saa ya kupimia wanariadha.

"Bi mkubwa! Umekuja kujiandikisha?"

"Nimekuja kukuambia umefunga ng'ombe wawili kamba moja."

Alimweleza yote, polepole, mbele ya wanafunzi, na vidole vikasimama katikati ya kurasa. Umeme alisikiliza akitabasamu, kisha akaacha kutabasamu, kisha akatabasamu tena.

"Mume amefufuka," alisema. "Ndiyo uzuri wa kitabu."

"Alizikwa fundi viatu. Akafufuka dereva wa lori."

"Amebadilika. Kifo humbadilisha mtu."

"Humbadilisha, sikatai. Lakini sijasikia kinampa leseni ya udereva."

Mwanafunzi mmoja alicheka kwa pua, akajifanya anakohoa. Umeme akamshika Bi Kobe kiwiko, akamtoa hadi kwenye varanda. Huko nje sauti yake ilishuka.

"Sikiliza, mama yangu. Kadi zimechapishwa. Ukumbi umelipiwa. Gazeti limeandika. Unataka niseme nini?"

"Sema hukusoma."

"Mimi? Nikaseme sikusoma? Hao humo ndani watanidai ada yao kesho asubuhi."

"Basi wamepata somo la kwanza la maana."

Umeme alipumua kwa nguvu. Alipozungumza tena alikuwa amepata pa kushika.

"Haya, nenda kaseme. Wafutilie mbali tuzo nzima. Unajua atakayeumia? Si mimi. Ni huyo mwandishi wako. Kile kitabu kilichoshinda, kwa maneno yako mwenyewe, hakipo. Kisichokuwepo hakipewi tuzo. Atarudi kwao mikono mitupu, na shirika halitataka hata kusikia habari za viatu. Ukinyamaza, kitabu chake kinatoka. Kina kasoro kidogo, lakini kinatoka."

"Kasoro kidogo! Umemkata mtu katikati, unasema ana kasoro kidogo?"

"Chagua wewe," alisema Umeme, akarudi kwa watu wake. Ndani alisikika akipiga makofi: "Haya, vidole! Mnalala!"

Hilo ndilo lililomkalia Bi Kobe kifuani njia nzima ya kurudi. Alimchukia yule mtu zaidi kwa kuwa safari hii alikuwa amesema jambo lenye kichwa na miguu. Mwandishi alikuwa nani, hakujua; bahasha ingefunguliwa jukwaani. Mahali fulani alikuwepo mtu ambaye alikaa na yule mjane miaka, akamfikisha mlangoni, akamfungulia, na sasa angekuta supu. Bi Kobe akipiga kelele, mtu huyo anakosa kila kitu. Akinyamaza, anapewa mzoga wenye vichwa viwili na kuambiwa aupigie makofi.

"Mpigie simu mkuu wa shirika," mdogo wake alisema.

"Nimepiga. Anasema mambo ya kitaalamu anamwachia mwenyekiti."

"Na yule wa redio?"

"Aliunga mkono. Kisha Umeme akampigia, akaunga mkono kule."

Mdogo wake alikata uzi kwa meno. "Si ulisema mshindi husoma ukurasa wa mwisho mbele za watu?"

Ilikuwa kweli. Ilikuwa desturi ya tuzo ile tangu ianze: mshindi hupewa muswada wake jukwaani, akasoma ukurasa wa mwisho, kisha ndipo anakabidhiwa. Bi Kobe alimtazama mdogo wake.

"Basi we' chukua tu huo wenye mwisho wake," alisema mshonaji, "ukae nao karibu. Mtu akiona si mtoto wake atasema mwenyewe. Na akisema, wewe uwe na wake mkononi."

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa. Washiriki wote walialikwa, walioshinda na walioshindwa, maana viti vitupu havipendezi kwenye picha. Umeme alivaa suti ya kung'aa na kuhutubia muda mrefu kuliko vitabu vyote alivyowahi kusoma ukivijumlisha. Kisha bahasha ikafunguliwa, na akapanda jukwaani mwanamke wa makamo, muuguzi wa hospitali, amekuja na viatu vyake vya zamu, vyeupe, visivyotoa sauti. Umeme alimkabidhi muswada, ambao Bi Kobe alikuwa ameurudisha kwa katibu, akamsogezea maikrofoni.

"Ukurasa wa mwisho, mama. Tusikie."

Muuguzi akafunua mwisho. Akaanza kabla macho hayajamwahi.

"Dereva akafunga mlango wa lori, akasema supu ya leo nayo..." Akasogeza karatasi karibu. Akafunua ya nyuma yake, na ya nyuma yake tena, haraka, kama mama anayetafuta mtoto sokoni.

"Endelea, usiogope," Umeme alimhimiza.

"Hii si yangu."

Watu wakacheka kidogo, wakidhani ni aibu ya kike.

"Mwandishi mkubwa," Umeme alisema akigeukia ukumbi, "mara nyingi haitambui kazi yake mwenyewe!"

"Nimesema si yangu. Mimi sijawahi kuandika lori maishani mwangu."

"Ni yangu mimi!" Sauti ilitoka safu ya nyuma kabisa. Bwana mmoja mnene, shati limemkaba tumbo, alikuwa amesimama juu ya kiti. "Hilo lori ni langu! Na hiyo supu ni yangu! Mliniandikia sina mwelekeo!"

Hapo ukumbi ukapasuka. Hata mpiga picha aliinamia magoti. Umeme alinyoosha mikono kama anayetuliza mawimbi, akasema labda mama amechoka, labda presha imepanda, yeye amekisoma kitabu hiki mara tatu na anakijua kama kiganja chake. Ni hilo la presha lililomwudhi muuguzi. Akaisogelea maikrofoni.

"Umekisoma mara tatu?"

"Tatu kamili."

"Mume wa yule mama alizikwa na nini?"

Umeme alirekebisha tai yake. Wanafunzi wake walikaa safu ya mbele, ada zao mkononi mwake, wakimtazama.

"Alizikwa," alisema Umeme, "kwa heshima zote."

Bi Kobe alikuwa ameshasimama. Alishuka ile njia ya kati kwa mwendo wake uleule, na hakuna aliyethubutu kumwambia afanye haraka. Vicheko vilikwisha kimoja kimoja akipita. Alipanda ngazi, akamwekea muuguzi mikononi ule muswada wa boksi la panya, umefunguliwa kwenye ukurasa wa mia na moja.

"Wako uko hapa, mwanangu," alisema. "Walikufunga mgongoni mwa lori. Hata na mimi nina sehemu yangu, maana niliachia kikao kiishe kabla sijakusoma."

Muuguzi aliangalia karatasi. Kisha alifunua mwisho na kusoma. Mjane amemwambia mteja yote. Amemwambia viatu viko wapi. Mteja amekaa kwenye kigoda cha kazi, anazungusha kofia yake. Halafu anauliza neno moja tu: vilimtosha?

Mjane hajawahi kujiuliza. Anafikiri. Anasema vilimbana kidogo.

"'Basi asijali,' mteja alisema, akavaa kofia yake. 'Ngozi ile hulegea.'"

Ndio ulikuwa mwisho. Mtu mmoja tu alisogea, Umeme, aliyeangalia saa yake. Hata pale, mtu yule aliangalia saa!

Mkuu wa shirika alipanda jukwaani akiwa amekunja uso. Aliyoyasema ndiyo yaleyale Bi Kobe aliyoyaogopa: kura ilipigiwa kitabu ambacho hakipo, kwa hiyo kwa mujibu wa kanuni hakuna mshindi, na suala hili litaangaliwa mwaka ujao. Muuguzi aliukumbatia muswada kifuani, akageuka kushuka.

"Ngoja," Bi Kobe alisema. "Kanuni inasema majaji wawili kati ya watatu. Hakuna panaposema wakae chumba gani. Mimi nimekisoma chote, mwanzo mpaka mwisho, nusu zake zote mbili, na nakipigia kura sasa hivi." Akageuka kwa Mtangazaji, akamkazia macho. Bwana yule alitazama kulia, akatazama kushoto. Hakuna mwingine aliyekuwa akizungumza. Mtu wa mwisho kuzungumza alikuwa Bi Kobe.

"Naunga mkono," alisema Mtangazaji.

Ilikuwa kura ya kipumbavu kuliko zote zilizowahi kupigwa, lakini ilikuwa kura. Mkuu wa shirika aliitazama kamera ya gazeti, akaitazama ile safu iliyoanza kupiga makofi, akamshika muuguzi mkono.

Kitabu kilitoka kizima. Umeme hakufa kwa aibu. Watu wa namna ile hawafi nayo, hawakai nayo hata usiku mmoja. Bango la jengo la posta lilishushwa, likapandishwa jipya, meno yaleyale, maandishi ya buluu safari hii: JIFUNZE KUSOMA KWA UTULIVU. SAA MBILI TU. Na watu wakalipa.

Alasiri moja hodi ikapigwa nyumbani kwa wale ndugu wawili. Alikuwa yule dereva mnene. Lori lake alikuwa ameliegesha nje, limeziba barabara nzima. Alikaa ukingoni mwa kiti, akaona muswada wake mezani, nusu zake mbili zimeunganishwa, rula ya mbao imebanwa ndani.

"Shikamoo, mama. Nimesikia unao wangu."

"Marahaba. Ninao."

"Umefika wapi?"

"Nimemaliza. Nikarudia."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo. Mkewe alikuwa amefika kwenye supu ya kwanza akakasirika.

"Na... ukoje?"

"Mbovu," alisema Bi Kobe.

"Dada!" mdogo wake alimkemea kutoka kwenye cherehani.

"Mbovu, mwanangu. Nimeusoma mara mbili kuhakikisha. Supu zimezidi. Mke hana mdomo. Na pale lori linapokwama mlimani, mahali pa pekee ambapo nilisahau kunywa chai yangu, wewe unakimbia kwa kurasa mbili kama umeona nyoka."

Bwana yule mnene aliinama. Bi Kobe alidhani amemvunja moyo, akaanza kutafuta neno la kumwegemezea. Lakini bwana yule alipoinua uso alikuwa anacheka, machozi yamemlenga, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake katikati ya mji wa ugenini.

"Pale mlimani," alisema. "Uliona pale mlimani?"

"Niliona."

Nje, madereva waliozibiwa njia walianza kupiga honi. Dereva hakugeuka hata kuangalia. Bi Kobe alivaa miwani, akavuta kiti chake, akaweka rula chini ya mstari wa kwanza.

"Sogea huku," alisema. "Tunaanza mwanzo."